Kutoka Tabola Hadi Bujiji: Siku Sita za Kusikiliza Majina

Siku ya kwanza, Jumatatu. Tabora mjini

Bibi mzaa mama hakuwahi kusema Tabora. Alisema Tabola, na kila alipolitaja ungedhani anamwita mtu wa nyumbani. Nilipokuwa darasa la tatu kule Morogoro nilimsahihisha mbele ya wageni: "Bibi, ni Tabora, imeandikwa kwenye ramani." Hakunikaripia. Alinimiminia uji, akasema, "Mjukuu wangu, wewe umelisoma, mimi nimezaliwa nalo."

Bibi hayupo tena. Nimeomba likizo ya siku chache kwenda kuyasikia majina ya njia yote, kuanzia kwao hadi ziwani, yakitoka vinywani mwa wenye nayo.

Basi limetufikisha alfajiri. Nimeoga, nimekunywa chai, nikaenda sokoni, kwa sababu jina la mji huu linauzwa sokoni, tena kwa kopo. Mama mmoja alikuwa na sinia tatu mbele yake: karanga, michembe na matobolwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Onja kwanza."

Nikamuuliza tofauti ya hizi mbili za viazi. Akaacha kupima karanga ili anieleze vizuri. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa vinachemshwa kwanza, vinamenywa, vinakatwa vipande, ndipo vinaanikwa juani mpaka vikauke kabisa. "Michembe utaipika tena. Matobolwa unakula hivihivi, hata ukiwa njiani." Kipande alichonipa kilikuwa kigumu kama gome, rangi yake kama asali ya nyuki wakubwa, kingo zimejikunja. Ukikiuma hakikubali. Unakiweka shavuni, unasubiri, na baada ya muda utamu unaanza kuachia pembeni, kidogo kidogo, mpaka kinalainika chote.

Simulizi wanayoishika watu wa hapa ni kwamba Tabora imetokana na matobolwa. Mimi naiamini zaidi baada ya kile kipande. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walitembea kutoka pwani wakiwa na mzigo kichwani. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika huku Novemba. Mtu wa safari ya namna hiyo anataka chakula kisichooza, kisicho kizito, kisichohitaji moto. Mahali unapokipata, unapaita kwa jina la chakula hicho. Mnyamwezi akasema matobolwa kwa l yake, sikio la pwani likasikia r, kinywa cha pwani kikakata mwanzo na mwisho. Kilichobaki ndicho kilichoandikwa.

Burton mwenyewe hakuandika Tabora kama jina la kituo alichofikia. Aliandika Kazeh, na ramani za Ulaya zikabeba Kazeh kwa miaka kadhaa. Leo ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke Kazeh atakuuliza ni kwa nani. Jina la kwenye ramani lilikufa, jina la kwenye kopo likaishi.

Alasiri nimezunguka kata kwa miguu. Mtu wa Unguja akishushwa Tabora usiku, akaambiwa hapa ni Ng'ambo, pale Kidongo Chekundu, mbele Mtendeni, atadhani hajaondoka kwao, maana majina yote matatu yapo mjini Unguja. Ng'ambo ya Unguja ilikuwa ng'ambo ya hori la bahari. Tabora haina bahari wala hori, ila ina Ng'ambo. Mtendeni ni penye mtende, mti wa watu wa pwani na wa Waarabu. Nilisimama pale nikawaza juu ya watu waliokaa mamia ya kilomita kutoka baharini na kuzungukwa na majina ya kwao.

Kisha Tambukareli. Hili halihitaji mzee wa kulifasiri. Tambuka reli, uvuke. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, kwa hiyo tunajua jina hili haliwezi kuwa na umri zaidi ya huo. Laiti majina yote yangebeba vyeti vyao vya kuzaliwa hivyo.

Siku ya pili, Jumanne. Kwihara na Itetemia

Bodaboda mpaka Kwihara, vumbi jekundu, miembe mikubwa pande zote. Miembe hiyo nayo ni maandishi: misafara iliipanda ilikopita, na ukiifuata kwa macho kuelekea magharibi unaiona njia ya zamani hata pale ambapo njia yenyewe imeshalimwa mihogo.

Tembe la Kwihara limejengwa upya kama lilivyokuwa, kuta nene za udongo na paa tambarare. Livingstone alikaa hapa tangu Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Mwaka uliofuata wenzake, Chuma na Susi, walipita tena Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, wakiwa wameubeba mwili wake kuupeleka baharini. Nimekaa ndani muda mrefu. Ndani kuna ubaridi, na sauti ya nje haiingii.

Lakini kilichonileta ni ile "Kw" ya mwanzo. Mwanamume wa makamo anayelima jirani alinisaidia. Kinyamwezi kinaweka *ku* mbele ya jina kuonyesha mahali, kama sisi tunavyosema "kwa" au tunavyotia -ni mwishoni. Ndiyo maana vitabu vya wasafiri vimejaa Kwihara na Kwikuru. Kwikuru ni *ku-ikulu*, kwenye ikulu, penye makao ya mtemi. Wageni waliuliza, "Tunaenda wapi?" wakajibiwa "ikulu," wakaliandika kama jina la kijiji. Kwa hiyo ramani zao zina Kwikuru kadhaa, kila mtemi na yake.

Na hilo neno ndilo tunalolisikia kwenye taarifa ya habari kila siku. Rais yuko Ikulu. Mtu anayelitamka Dar es Salaam au Chamwino analitamka neno la Wanyamwezi na Wasukuma la makao ya mtemi, akidhani limezaliwa serikalini. Nimefurahi sana kulikuta kwao.

Itetemia ni kwa watemi wa Unyanyembe, ukoo wa akina Fundikira. Kuna mzee mmoja amenikaribisha kwenye kigoda, akanipa maji kwanza kabla ya maneno. Nilimwamkia "Mwangaluka, mzee," kwa matamshi ya bibi, akacheka kwa furaha na kuniuliza ukoo wangu. Baada ya hapo hakuniita mgeni tena, aliniita mjukuu.

"Mtemi ni nani, mjukuu?"

"Mfalme."

"Hapana. Mtemi ni mwenye kutema. Alitangulia porini na shoka, akatema miti, akafungua nchi watu wakalima. Ufalme ulikuja nyuma ya shoka."

Nikamuuliza kuhusu jina Mnyamwezi. Akasema babu zake hawakujiita hivyo. Walijiita kwa nchi zao: Mnyanyembe, Mgalagansa, Mkimbu ni jirani. Jina la jumla walipewa na watu wa pwani, na wengi wanalieleza kwa mwezi mwandamo: unaonekana upande wa magharibi jua likishazama, na wapagazi hawa walitokea upande huo. Wao wenyewe walikuwa na majina ya pande. Sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini. Yaani kabila kubwa kuliko yote Tanzania, Wasukuma, limebeba neno ambalo maana yake ni watu wa kaskazini, na huwezi kumwita mtu wa kaskazini mpaka uwe umesimama kusini yake. Jina lao linakuonyesha aliyewaita alikuwa amesimama wapi. Nimeandika jambo hili mara mbili kwenye daftari ili nisilisahau.

Hakutaka nimwache bila kumtaja Isike. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince walipolizingira boma lake na kuingia, mtemi Isike alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Mzee alilisimulia hilo akiangalia chini, kama habari ya msiba wa juzi. Sikumuuliza swali lingine.

Siku ya tatu, Jumatano. Urambo

Saa mbili asubuhi nimepanda basi dogo kwenda Urambo, kilomita kama 90 kwenda magharibi. Njiani mashamba ya tumbaku na mizinga ya nyuki mitini.

Kabla hatujatoka mjini nilikuwa nimekwishaona jina moja limeandikwa namna mbili. Shule ya sekondari ni Milambo. Kambi ya jeshi ni Mirambo. Ni mtu yuleyule, mtemi aliyefariki Desemba 1884. Nilitamani bibi angeona: mji uleule umekubali l na r ziishi pamoja, hakuna anayemsahihisha mwenzake.

Mirambo si jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina la vita, na maana yake ni maiti, maiti nyingi. Alirithi nchi ndogo ya Uyowa, akaiunganisha na Ulyankulu, akaendelea kushinda na ruga-ruga, wapiganaji wake, mpaka njia ya misafara ya kwenda Ujiji ikawa mkononi mwake, na kuanzia 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora kwa miaka kadhaa. Nchi aliyoijenga ikaitwa kwa jina lake. Wamelivua mi-, wakalivika u-: Mirambo, Urambo. Kwa sarufi ni jambo dogo. Kwa historia, Uyowa iliyokuwa nchi imebaki jina la kata, na jina la vita la kijana wake likawa nchi, kisha wilaya, kisha stesheni ya reli.

Jioni nimekula ugali na kisamvu cha karanga kwa mama lishe karibu na stesheni. Nilimuuliza kama anajua maana ya Mirambo. Aliweka mwiko chini. "Najua. Ila sisi tukisema Urambo hatusemi maiti. Tunasema kwetu." Mwanawe akauliza maiti wa nani, akatumwa kuleta maji.

Siku ya nne, Alhamisi. Malagarasi na Uvinza

Siku ya basi. Kaliua, Usinge, Nguruka, miombo isiyokwisha, kisha nchi inashuka na unaanza kunusa tope. Daraja la Malagarasi siku hizi linaitwa Daraja la Kikwete, na ndani ya basi hakuna aliyesema tumefika Daraja la Kikwete. Wote walisema Malagarasi.

Upande wa Burundi mto huu ni Muragarazi. Kule Tabora pwani iliweka r mahali penye l. Huku ikaweka l mahali penye r. Nimeutazama mto ukipita chini ya daraja, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, nikajiona nimefika mpakani mwa masikio.

Uvinza ni chumvi. Wanaakiolojia waliochimba hapa miaka ya 1960 walikuta vyungu na mabaki ya majiko ya kuchemshia maji ya chumvi ya tangu yapata karne ya 5. Maji hayo yanatoka ardhini karibu na pale Ruchugi unapoingia Malagarasi. Watu walikuja kutoka Uha, Unyamwezi na ng'ambo ya ziwa kuichukua, na misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa Wavinza ili ivushwe mto. Nimenunua mfuko mdogo. Punje zake ni kubwa kuliko za dukani, na ukiweka moja ulimini inachelewa kuisha. Kwenye mfuko hakuna jina lolote. Nikamuuliza kijana aliyeniuzia hii ni chumvi gani. "Ya Uvinza," akasema, akishangaa kwamba kuna swali kama hilo.

Siku ya tano, Ijumaa. Ujiji

Leo nimelipata nililolifuata.

Karibu na msikiti, baada ya swala ya Ijumaa, nimekaa barazani na wazee wawili, mmoja Muha, mwingine anasema babu yake aliletwa na biashara kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Nikawasalimu "Mwakeye" ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita, wakanisamehe. Nilimwambia yule Muha kwamba ninatafuta jina la Ujiji.

"Ujiji ni la Waswahili," akasema. "Sisi ni Bujiji. Nchi ni Buha, watu ni Abaha. Bujiji, Buvinza, Buyungu. Mmetukatia b."

Mwenzake akacheka. "Na Burundi?"

"Burundi waliikataa."

Ni kweli, na sikuwahi kuliona hivyo. Kiswahili kinapenda u- kwa jina la nchi: Unyamwezi, Urambo, Uvinza, Uha. Lugha za huku kwenye maziwa makuu zinasema bu-. Wapwani walipofika walisikia Buganda wakasema Uganda, Wazungu wakaichukua kutoka kwao, na leo ni jina la nchi nzima. Walisikia Burundi wakasema Urundi, na wakoloni wakaandika Ruanda-Urundi kwenye mihuri yao yote. Ilipopata uhuru mwaka 1962, Burundi ilirudisha b yake. Bujiji haikuwa na bendera ya kurudishia.

Ila b haikufa. Toka pale barazani nenda kata za jirani: Buzebazeba, Businde, Buhanda. Panda milimani kuna Buhigwe. Majina ambayo misafara haikuyahitaji yamebaki kama yalivyotamkwa na mama zao. Jina kubwa ndilo lililokatwa, kwa kuwa ndilo wageni walilolishika.

Jioni nimeteremka kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Hapa ndipo Stanley alipomkuta mwishoni mwa 1871, chini ya mwembe, na miembe iliyopo inasemwa ni vizazi vya ule. Ziwa limerudi nyuma, sasa kuna mashamba kati ya mnara na maji. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, miaka 13 kabla ya mkutano ule, na wao walikuta soko la samaki, chumvi, mawese na watumwa. Nililisoma jina la mahali pale mara kadhaa kwenye vibao, na kila mara kichwani mwangu ile b ilijirudisha yenyewe.

Siku ya sita, Jumamosi. Kigoma, Bangwe, Kibirizi

Kigoma mjini ni kilomita chache kutoka Ujiji, na sababu ya kuwepo kwake ni kina cha maji. Ufuko wa Ujiji hauna kina cha kutosha meli. Ghuba ya Kigoma inacho. Wajerumani walipomaliza reli mwaka 1914 waliimalizia hapa, na mji wa zamani ukawa kitongoji cha mji mpya, mpaka manispaa ikaja kuwaunganisha kwa jina la Kigoma-Ujiji. Kwa sikio la Mswahili Kigoma ni ngoma ndogo. Mzee wa jana alinikumbusha kwamba *ingoma* kwao ni ngoma ya kupigwa na ni utawala pia: ngoma ya mwami, mtawala wao, ndiyo enzi yake.

Bangwe nimeenda kwa sababu moja tu, kulisikia jina ambalo Burton aliliandika mwaka 1858 na ambalo halijabadilika hata herufi. Kulikuwa na watoto wanaogelea. "Hapa panaitwaje?" "Bangwe!" wakaitika wote kwa pamoja. Inatosha.

Nikiwa Kibirizi, boti za kaskazini zikipakia magunia na kuku, nimekula mgebuka wa kuchoma kwa ugali wa muhogo, mawese yakinitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mvuvi mmoja akianika nyavu alinieleza habari za meli Liemba. Ilizinduliwa hapa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini mwaka 1927 ikiwa na jina jipya. Nilichomwongezea mimi ni asili ya jina hilo: Livingstone alipofika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867, alisikia wenyeji wakiliita Liemba. Jina la ziwa la watu wa kusini likapanda meli, likazunguka nayo ziwani kwa miongo mingi.

"Na Tanganyika je?" akauliza.

Burton alielezwa kuwa ni mahali maji yanapokutana, kutoka *kutanganya*, neno la Kiswahili cha kale la kuchanganya, ambalo bado tunalo katika "mtangamano". Jina likapewa nchi nzima mwaka 1920, na mwaka 1964 sehemu yake ya kwanza ikaingia kwenye Tanzania. Tan ya Tanzania ni maji haya yaliyokuwa yakitulowesha miguu.

Mvuvi alikuwa na simulizi nyingine, ileile ambayo Stanley aliisikia Ujiji mwaka 1876. Palikuwa na mume na mke wenye kisima kisicho na mwisho, kimejaa samaki, na siri yake hakupaswa kuambiwa mtu. Mume akasafiri. Mke alikuwa na mpenzi, akampeleka akione. Yule bwana akamshika samaki, na hapohapo ardhi ikapasuka, nchi ikazama na watu wake. Mvuvi aliisimulia akielekeza kidole katikati ya ziwa, kwenye weusi wa maji, kana kwamba nyumba ile bado ingeweza kuonekana. Penye kina kirefu zaidi ziwa hili lina mita 1,470. Ukisimama pale jioni, simulizi na kipimo havigombani.

Kabla ya magharibi nimepita ofisi ya mabasi kukata tiketi ya kurudi. Ndani ya mkoba nina chumvi ya Uvinza na matobolwa yaliyobaki. Dada wa tiketi akauliza ninakwenda wapi.

"Tabola," nikasema.

Akainua macho, akanitazama kidogo, akaanza kuandika. Kwenye karatasi ameweka r, kubwa na wazi. Akanirudishia chenji na kusema, "Haya, Tabola, siti namba kumi na nne, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Usichelewe, dada."